Nani Atathibitisha Kwamba Niliigiza

Niseme mapema, asije mtu akadhani anasoma habari ya mtoto wa wahamiaji aliyefanikiwa: chuo nilikipata, shahada ninayo, kazi ninafanya. Na bado nina hasira. Kanisani kwetu wanasema si vizuri mtu kulala na hasira. Yangu nimelala nayo miaka zaidi ya kumi, tumezoeana, hata shuka tunagawana.

Nilianza kuigiza nikiwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi Malton, ughaibuni, kando ya uwanja wa ndege, kwenye jengo la ghorofa ambalo ndege zilipita juu yake kwa kelele kiasi kwamba baba akiwa anaongea alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri, kisha akaendelea palepale alipoishia. Baba alipakia mizigo uwanjani, upande wa kago. Mama alisafisha ofisi. Zamu zao zilipishana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, na mimi nilibaki katikati na ufunguo shingoni. Basi siku moja walikuja shuleni kwetu watu wa televisheni wakitafuta watoto wenye sura ya Kiafrika. Mwalimu alininyooshea kidole kabla sijainua uso. Hivyo ndivyo kipaji changu kilivyogunduliwa.

Sheria ilitaka mtoto asikanyage mahali pa kupigia picha bila mzazi au mlezi. Baba hakuweza. Mama hakuweza. Aliyeweza ni Mama Mdogo.

Mama Mdogo hakuzaliwa tumbo moja na mama yangu. Mama ni wa Tanga, yeye ni wa Singida. Walikutana chumba cha kufulia cha jengo letu, wakigombea mashine ya kukaushia nguo. Mama alimwambia kwa Kiingereza asubiri zamu yake, yeye akanung'unika kwa Kiswahili, mama akaangua kicheko, na ugomvi ukafa pale pale. Tangu siku hiyo akamwita mama "dada", baba "shemeji", na mimi "mwanangu". Hakuna aliyeitisha kikao. Kwetu mambo haya hayapigiwi kura. Mtu anaanza kukuulizia kama umekula, ukiugua anakuja na uji, na mwaka ukiisha huwezi tena kukumbuka ni lini hakuwa ndugu yako.

Yeye hakuwa na mtu mwingine katika jiji lile. Jioni alifanya kazi kwenye jiko linalopakia vyakula vya ndege, kwa hiyo mchana ulikuwa wake, na siku nilizokuwa na kazi aliutoa wote kwangu. Studio zilikuwa upande wa pili wa jiji, karibu na ziwa. Tulipanda basi, tukashuka, tukapanda jingine, tukaingia treni ya chini ya ardhi, tukatoka, tukapanda basi tena, na mara nyingi theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Begani alibeba kikapu chenye chupa ya chai ya tangawizi, chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini, blanketi, na vitambaa vyake vya kufuma. Chakula cha pale hakukiamini. Alisema watu wanaokula karoti mbichi saa tatu asubuhi hawawezi kukabidhiwa mtoto wa mtu.

Tukifika, msichana mmoja mwenye redio kiunoni alimpa karatasi ajaze: jina la mtoto, jina la aliyemleta, uhusiano wao. Mama Mdogo alivaa miwani, akaandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ni mdogo wa mama yangu, akasaini. Sahihi yake ilikuwa na mikunjo mingi na ilimchukua muda, na msichana yule alisimama akipiga kiatu chini hadi ikaisha. Hakudanganya. Angeandika nini kingine? Mwanamke aliyekutana na mama kwenye mashine ya kukausha?

Akakaa kwenye kiti cha kukunja karibu na hita, akafuma. Nilipokuwa mbele ya kamera nilimwona pembeni, sindano zikienda, macho kwangu.

Kuhusu kazi yenyewe, niliigiza mkimbizi. Niliigiza mkimbizi kwenye tamthilia ya hospitali, nikaigiza mkimbizi kwenye tamthilia ya polisi, nikaigiza yatima kwenye tangazo la kuomba misaada, na mara moja, mabadiliko makubwa, nikaigiza dada wa mkimbizi. Mara nyingi hawakuwa na maneno yoyote waliyoyaandika kwa ajili yangu. Mwongozaji aliniambia niseme chochote kwa lugha ya kwetu, mradi kwa huzuni. Basi nikamtazama daktari wa uongo usoni na kwa huzuni kubwa nikamweleza namna ya kukanda unga wa chapati: maji yawe ya uvuguvugu, mafuta usiyaweke mwanzoni, uache donge lipumzike. Machozi yalinitoka vizuri. Kule pembeni Mama Mdogo alijiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anafuma, mabega yakimtikisika. Kipindi kilipooneshwa, chini ya uso wangu waliandika kwa Kiingereza kwamba wamechoma kijiji chetu chote.

Tulicheka sana nyumbani. Leo sicheki. Sikuwa nimewahi kuona kijiji kilichochomwa, na hakuna hata mmoja pale, katika watu wale wote wenye vyeti vya sanaa, aliyejisumbua kuuliza nimesema nini.

Hata hivyo nilikuwa hodari. Hili nalisema bila aibu, kwa sababu ndilo wanaloruka watu wote wakisimulia habari hii. Nilijua kusimama pale alama ilipobandikwa sakafuni bila kuiangalia. Nilijua kulia mara ya tano kama nilivyolia mara ya kwanza. Niliweza kukaa saa nyingi kwenye baridi bila kununa, nikasoma hesabu zangu kwenye trela la kupumzikia waigizaji, nikaitwa, nikawa mtu mwingine, nikarudi kwenye hesabu. Maksi zangu hazikushuka. Kilichoshuka ni mengine yote. Sikuwa kwenye timu, sikuwa kwenye klabu, sikucheza hata mchezo wa shule, kwa sababu mazoezi yao yaliangukia siku zangu za studio.

Nilipofika miaka kumi na saba nilitaka kusomea sayansi ya afya, kwenye chuo kimoja nje ya jiji. Nilikitaka kile na si kingine. Waombaji wote walikuwa na maksi za juu, kwa hiyo chuo kilichuja kwa sehemu ya pili ya maombi: shughuli zako nje ya darasa, na kila shughuli iwe na mtu wa kuithibitisha. Mimi shughuli yangu ilikuwa moja. Nikiiondoa hiyo, sehemu ile inabaki nyeupe na mlango unafungwa.

Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi shuleni. Alikuwa mtu mwenye sauti laini, aina ya watu wanaokukata huku wanakupuliza. Akaniambia uigizaji wangu hauhesabiki, kwa sababu nililipwa. Shughuli ya nje ya darasa, akasema, ni kitu mtu anachokifanya kwa mapenzi.

Nikamuuliza kuhusu mwenzangu mmoja wa darasani, ambaye sote tulijua ameandika nini. Wazazi wake walimlipia safari ya Tanzania, akakaa wiki chache akipaka rangi ukuta wa shule, akarudi na picha akiwa amezungukwa na watoto.

"Ah, yule," akasema. "Ule ni uongozi."

Mnaona? Yeye kalipa kwenda kwetu kupaka rangi, ni uongozi. Mimi nimelipwa kubaki kwao na kulia, ni kibarua.

Labda aliona uso wangu, maana aliinama mbele akashusha sauti zaidi. Akasema ingewezekana kuiandika kazi ile ikahesabika, kama ningeeleza jinsi kuigiza mkimbizi kulivyonikutanisha na safari yangu mwenyewe.

Safari yangu mwenyewe ilikuwa ya ndege, kiti cha dirishani. Nilikula chokoleti nyingi nikatapika kwenye mfuko wa karatasi, na baba alitupokea uwanjani na makoti mawili mkononi. Nilimweleza hivyo. Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayeona jeraha ambalo mwenyewe hajalitambua. Nikatoka bila kuaga.

Nyumbani baba naye alikuwa na yake. "Usiandike mambo ya uigizaji," alisema. "Wataona ni mtoto mchezaji-mchezaji. Andika kwaya."

"Baba, mimi siimbi."

"Nani atakwenda kukusikiliza?"

Mama, ambaye alikuwa anabadilisha viatu aende kazini, alisema mtoto aandike alichofanya. Baba akanyamaza, ndege ikapita, na alipopata nafasi ya kuendelea akawa amesahau hoja yake. Nikaandika uigizaji. Niliuandika vizuri, wazi, bila safari yangu mwenyewe ndani yake.

Ikabaki swali la uthibitisho. Wakala aliyekuwa akinitafutia kazi alikuwa amefunga ofisi na kuhamia magharibi, simu yake inaita tu. Kampuni zilizotengeneza vile vipindi hazikuwapo tena, kwani katika biashara ile kampuni huundwa kwa ajili ya kipindi kimoja na kikiisha nayo inakufa. Mtu pekee duniani aliyekuwapo siku zote, aliyeweza kusema nilifika saa ngapi na nililia mara ngapi, alikuwa Mama Mdogo. Na kanuni ilisema anayethibitisha asiwe ndugu wa mwombaji.

Nililifikiria hilo siku kadhaa, nikaona sina tatizo. Kwa kipimo chao hakuwa ndugu. Hakuna damu, hakuna ndoa, hakuna cheti. Nikaweka jina lake na namba yake ya simu, nikaandika kwamba ni jirani aliyenisindikiza kazini, na kila neno lilikuwa kweli.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake kusukwa nywele, nikamweleza. Mikono yake ikasimama kichwani kwangu.

"Kwa hiyo wakipiga niseme sikujui?"

"Si kusema hunijui, Mama Mdogo. Waambie kila kitu. Ila wakiuliza kama wewe ni relative, sema no. Wanauliza damu tu."

"Na zile karatasi nilizosaini kule studio?"

"Hizo ni za wengine."

"Serikali ni moja, mwanangu." Akavuta fundo la nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Kule nimesaini ndugu miaka yote hiyo. Huku niseme si ndugu. Na uraia wangu ndiyo kwanza nimeomba. Siku wakiniita wakaniuliza nilidanganya wapi, huku au kule, nitajibu nini?"

Nilimwambia hakuna mtu atakayelinganisha karatasi za tamthilia na za chuo. Akamaliza kunisuka, akapaka mafuta, akanipa kioo.

Walipiga wiki chache baadaye, mchana, nikiwa mezani kwake nakula ugali na mchicha kabla hajaenda kazini. Mwanamke wa chuo alikuwa na sauti changamfu. Mama Mdogo aliweka simu mezani, akaibonyeza sauti itoke, akakaa wima kama yuko kanisani. Maswali yakaanza, na naapa sijasikia shahidi bora. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini hakikuacha kitu. Alieleza saa tulizoondoka nyumbani, baridi, hesabu nilizofanya kwenye trela. Akaeleza siku niliyokuwa na homa nikakataa kurudishwa, kwa sababu watu wengine mia walikuwa wananisubiri. "She is working like a big person," alisema, "and she is not proud." Mwanamke yule alikuwa anaandika, tulisikia vidole vyake. Mimi nilikuwa nimeacha kula. Nilijua kwamba nimeingia. Unajua jinsi unavyojua.

Kisha akauliza swali la mwisho, la utaratibu tu, akasema: je, kuna uhusiano wowote wa kifamilia?

Nikamtikisia kichwa Mama Mdogo. Nikaunganisha viganja kama naomba. Alinitazama vizuri sana, hakuna lililompita, na najua aliielewa ile karatasi yao kuliko hata mimi.

"Yes," akasema. "I am the small sister of her mother."

Mwanamke akamshukuru kwa ukweli wake. Simu ikakatika.

Nilimkasirikia. Nilisimama, kiti kikaanguka, nikamwambia kwa Kiingereza, lugha niliyoitumia kila nilipotaka kumuumiza mtu wa nyumbani, kwamba ameniharibia maisha kwa ajili ya neno moja.

Hakuinua sauti. "Nimekuvusha kwenye theluji nikikushika mkono," alisema. "Nikuite mtu baki, wewe umekaa mezani kwangu unakula ugali wangu? Neno la namna hiyo ukishalitoa kinywani, unalirudisha wapi? Okota kiti, mwanangu. Kula."

Nikaokota kiti. Sikula. Lakini nilipokuwa koridoni narudi kwetu hasira ilikuwa imeshaanza kuhama kutoka kwake, ikitafuta mahali pake, na mahali pake ikapapata. Walipotaka ndugu asaini ili mtoto wa watu aweze kuwalilia mbele ya kamera, alikuwa ndugu, na hakuna aliyemdai cheti. Walipotaka mtu baki, ghafla undugu wake ukawa doa. Mwanamke yule yule, mtoto yule yule. Wao ndio waliokuwa wanabadilisha mlango, halafu sisi ndio tunaoonekana hatueleweki.

Barua pepe ilikuja baada ya siku mbili. Kwa upole wao wa kawaida walisema uthibitisho haukukubalika, na kwamba wananipa hadi mwisho wa wiki nilete mtu mwingine asiye na uhusiano nami.

Mama alilia. Baba hakulia, baba alimpigia simu mjomba.

Mjomba ni kaka wa mama, baba mmoja, mama mmoja. Alifanya kazi kwenye ofisi ya bima kule Don Mills na tulimwona Krismasi, na kwenye misiba iliyokuwa karibu na barabara kuu. Alikuja na gari lake, akaweka funguo mezani katikati, akasikiliza, akacheka.

"Hilo ndilo linalowaliza? Jina langu na la mtoto hayaendani hata herufi moja. Nani atajua? Niwekeni mimi."

"Mjomba, hujawahi kuniona nikiigiza," nikasema. "Hata kwenye televisheni hujaniona."

"Si utanieleza? Nitakariri."

Nikamtazama mama. Mama aliangalia funguo za gari. Nikasema sitaki, iwe basi, nitaomba mwakani. Baba akasema mwakani ni ya nani, na kwamba hakupanda ndege na kushika mizigo ya watu kwa mgongo mbovu ili binti yake amwambie mwakani. Akavuta kompyuta upande wake. "Undugu ni kufaana, si kufanana," akasema, akafuta jina la Mama Mdogo, akaandika la mjomba. Nimeusikia msemo ule mara nyingi maishani. Sijawahi kuusikia ukitukanwa kiasi kile.

Kisha nikaketishwa nimfundishe. Nilikataa kufungua mdomo hadi mama akasema, taratibu, "Mwambie tu, mama. Iishe."

"Nilikuwa nakaa wapi?" mjomba akauliza, kalamu mkononi.

"Kwenye kiti cha kukunja, karibu na hita."

"Nikifanya nini muda wote huo?"

"Ulikuwa unafuma vitambaa."

Baba na mjomba wakacheka hadi wakashikana mabega. Wakakubaliana kwamba alikuwa anasoma gazeti. Chai ya tangawizi wakaibadilisha ikawa kahawa. Safari ya mabasi wakaifanya ya gari, maana mjomba alisema kwa mabasi asingeaminika. Siku ya homa aliipenda sana, akaiandika yote, akaniuliza kama aliwahi kunigusa paji la uso. Nikasema ndiyo. Nikasema alinivulia shali yake akanifunga kifuani. Akaandika koti.

Alipopigiwa alijibu kwa Kiingereza safi kabisa cha ofisini. Alipoulizwa kama kuna uhusiano wa kifamilia alisema hapana, kwa wepesi wa mtu anayekataa sukari kwenye chai. Mwanamke wa chuo hakuuliza tena. Hakuna aliyekwenda kutafuta karatasi za studio. Mwezi wa tano barua ikaja: nimekubaliwa.

Wazazi wangu wakaandaa ibada ya shukrani. Sebule ilijaa hadi kwenye korido: mchungaji, kwaya, watu wa kago kazini kwa baba, mjomba na mkewe kwenye kochi zuri. Mama Mdogo alikuwa jikoni tangu asubuhi. Pilau ni lake, sambusa ni zake, na kila mtoto aliyepita jikoni alitoka na kitu mkononi. Mimi sikuwa nimekaa naye kuzungumza tangu baba alipoandika lile jina la pili. Alikuwa ananijibu salamu vizuri tu, lakini kila nikigonga mlango wake alikuwa anajiandaa kwenda kazini.

Baada ya sala mzee wa kanisa akaanza utambulisho, kama ilivyo desturi yetu, maana Mtanzania hali pilau la shughuli kabla hajajua nani ni nani wa nani. Upande wa baba ukasimama: binamu mmoja na mkewe. Ukaja upande wa mama. Mjomba akainuka, akarekebisha koti, akasema yeye ndiye mjomba halisi wa binti huyu, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba bila kujisifu, mkono wake umo katika mafanikio haya. Watu wakapiga makofi. Mama Mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Siku zote, kwenye kila shughuli yetu, hapo ndipo aliposimama na kusema yeye ni mdogo wa mama mwenye nyumba, na mama akapiga kigelegele. Nikamsubiri. Mama naye nilimwona anamsubiri.

Hakusogea. Mzee wa kanisa akauliza kama upande wa mama umekwisha, mjomba akasema umekwisha. Akaita majirani na marafiki.

Ndipo Mama Mdogo akaingia sebuleni, akasimama kati ya jirani yetu Mghana na mwanamke wa ghorofa ya tatu. "Bwana Yesu asifiwe," akasema. "Mimi ni jirani. Naishi ghorofa hii hii, mlango wa nne."

Nikasukuma magoti ya watu, nikamfuata jikoni alikokuwa amesharudi, nikamshika mkono nikamwambia kwa Kiswahili, sauti ikinipanda, kwamba yeye si jirani, kwa nini amesema vile, nani kamwambia aseme vile.

Alikuwa anapakua. Hakuacha kupakua.

"Baba yako alikuja akanieleza," akasema. "Chuo bado hujaanza, wanaweza kupiga tena. Wakipiga niseme jirani." Akafuta ukingo wa sahani, akanipa nikampelekee mjomba. "Mimi si mwigizaji kama wewe, mwanangu. Nafanya mazoezi."

Na neno lile la jirani alikuwa amelisema vizuri. Mimi niliyeifanya kazi ile tangu utotoni sikusikia kosa hata moja.